Kiti cha Ofisi Kuu

Mpaka leo nikiona kiti kitupu mbele ya mkutano nacheka peke yangu. Wajukuu wanadhani uzee umenipanda kichwani. Wacha wadhani.

Miaka ile ya kuhamia vijiji vya ujamaa nilikuwa nimeolewa juzijuzi tu huku Kinyangiri, tunaishi na mama mkwe. Mwenyekiti wetu akarudi kutoka semina mjini na habari za Ofisi Kuu. Hiyo, alituambia, ndiyo inayoishika mkono serikali nzima: wakubwa wakisahau, yenyewe inakumbuka, wakisema, yenyewe inafuatilia. Na mtu wake anaweza kutokea siku yoyote. Basi seremala akachonga kiti cha mninga, chenye mikono, kikawa kinawekwa mbele kila mkutano. Marufuku mtu mwingine kukikalia, kwa sababu atakayekikalia ndiye Ofisi Kuu.

Haki ya Mungu, kiti kile kiliheshimiwa kuliko baba zetu. Vijana wakichelewa walikiamkia, "Shikamoo!" na katibu akaitikia marahaba kwa niaba yake. Siku moja mvua ilitukuta mkutanoni, kiti kikafunikwa turubai la kijiji, sisi tukalowa chapachapa. Nikamwuliza mume wangu, "Hivi na akili zetu zimelowa?" Akaniambia ninyamaze, nitasikika.

Mwaka huo uwele ulikubali. Tulikuwa tumetoka kwenye njaa, nina mtoto mgongoni, na kila asubuhi mama mkwe alikwenda shambani kuyashika masuke, ayashike tu, arudi. Yalikuwa bado kukauka kidogo. Ndipo Mwenyekiti akatangaza: Jumatatu wote tunahamia kando ya barabara, ng'ambo ya mbuga, na nyumba zetu za tembe zitabomolewa. Na uwele je? Akasema Ofisi Kuu haijasema lolote kuhusu uwele. Kila mtu pale alijua kwamba tukiuacha, ndege wataumaliza na sisi tutarudia kula majani.

Watu wakanung'unika chinichini, macho kwenye kiti. Mama mkwe alikuwa na goti bovu na alikuwa amesimama tangu mkutano uanze. Nikamwona anajikongoja katikati ya wazee, moja kwa moja mpaka mbele, akajibwaga kwenye kiti. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

"Mama! Hapo ni Ofisi Kuu!" Mwenyekiti alifoka.

"Najua. Si ulisema anayekikalia ndiye? Basi Ofisi Kuu inasema tutahama tukishavuna."

Wakati huohuo kijana mmoja aliyechelewa akaingia, akainama mbele ya kiti: "Shikamoo!" Katibu akafungua mdomo, lakini mama mkwe akamuwahi. "Marahaba, mwanangu. Kaa chini."

Sheria yake mwenyewe ikamkaba Mwenyekiti. Akaapa kuleta mgambo. Mama mkwe naye akagoma kuinuka, maana aliona akiinuka tu uwele umekwenda. Nilimpelekea uji palepale, nilimfunika blanketi palepale. Nilimwonea huruma, nikamwonea na hasira, tena nikaogopa watatufunga ukoo mzima.

Jumatatu ikaja Landrova. Akashuka kijana wa kaunda suti, vumbi mpaka kwenye kope. Akajitambulisha: Ofisi Kuu yenyewe! Akamtazama mama mkwe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umechelewa. Kaa hapo." Kijana wa watu akakaa juu ya debe.

Mwenyekiti, jasho linamtoka, akashtaki kwamba tumekataa kuhama leo.

"Leo? Nani alisema leo?" kijana aliuliza. "Sisi tunasubiri mtuambie mnavuna lini."

Mwenyekiti akakitazama kiti. Sote tukakitazama kiti. Nililia kwa hasira mbele za watu, sikujali.

Tulivuna. Kisha tembe zikabomolewa, maana kuhama kulikuwa palepale. Lori lilipokuja kubeba magunia, mama mkwe alikalia kiti chake, akapandishwa nacho, hakuna aliyethubutu kumwambia ashuke. Tulipofika mbele ya vifusi vya tembe alimozalia watoto wake wote, alisema, "Simama."

Lori likasimama. Mwenyekiti naye, aliyekuwa mbele na dereva, akashuka akasubiri.

Alitazama mpaka akatosheka, machozi yanamshuka tu. "Haya, twende," akasema. "Ofisi Kuu imeona."