Aliyewashibisha Samaki wa Waceke

Siku hiyo mjinga alikuwa Ndungu, wala hafichi. Hilo hulisema mwenyewe, kofia mkononi, kabla mkewe hajamtangulia kulisema.

Saa kumi na mbili asubuhi, Kinoo, pembezoni mwa Nairobi. Ndungu amesimama kando ya kidimbwi nyuma ya nyumba yake, chai ikipoa kikombeni. Mkewe, Waceke, ameteremka Kangemi kuonana na Kaindi, mama wa samaki wa kukaanga aliyeagiza tilapia mia tatu wa Ijumaa. Hayo ndiyo mavuno ya kwanza. Mumewe ameachiwa agizo moja tu: asiguse kitu.

Anatazama maji ya kijani. Samaki wote wako juu. Mamia ya midomo inaachama, inafumba, inaachama tena.

"Nikasema, haiya! Hawa wanalia njaa," asimulia mzee huyu wa miaka sitini na mmoja, aliyelinda lango la benki Upper Hill hadi alipostaafu. "Ng'ombe wangu akinifungulia mdomo hivyo nampa nyasi. Sasa samaki nimnyime kwa nini?"

Akamwaga nusu ndoo ya chakula. Hawakula. Akaongeza. Kisha akampigia mkewe simu kumtangazia wema wake.

"Mama Kui, watoto wako walikuwa na njaa. Nimewashibisha."

"Wako juu ya maji? Midomo wazi?"

"Wazi kabisa!"

Ukatoka ukelele uliomfanya Kaindi, kule Kangemi, aangushe kijiko ndani ya mafuta.

"Baba Kui, hiyo si njaa! Wanakosa hewa! Unaniulia samaki!"

Waceke, mwenye miaka hamsini na mitatu, alifua nguo za watu Loresho kwa shilingi mia tano kwa siku mpaka mgongo ukakataa. Kidimbwi ndicho kazi yake sasa, na masharti yake anayajua. Mawingu yakitanda siku kadhaa, hewa iliyomo majini hupungua kufikia alfajiri, na samaki hupanda juu kuitafuta. Chakula kisicholiwa huoza na kumaliza hata ile kidogo iliyobaki.

Sharti jingine lilikuwa la mumewe: mavuno ya kwanza yakiharibika, shimo lifukiwe, vijengwe vyumba vya kupangisha.

Alirudi kwa bodaboda. Hakusalimu mtu. Aliingia majini na sketi yake na viatu vyake, maji kifuani, akaanza kuyachapa kwa sufuria ili yapate hewa. Majirani wanne wa chama chake cha wanawake wakarukia ndani, kila mmoja na karai. Ndungu akakimbilia bomba la tangi la maji ya mvua, akalifungulia kidimbwini.

"Nimewahi kuelekezewa bunduki pale langoni," asema. "Sikuogopa hivyo."

Samaki walikuwa wanageuka, tumbo juu. Mmoja. Kumi. Kisha hakuna aliyetaka kuendelea kuhesabu.

"Nililia huku nikichapa maji," akumbuka Waceke. "Miezi minane nawalea, halafu mtu anawaua kwa ukarimu!"

Kufikia saa nne, kati ya samaki mia tisa, mia moja na sabini walikuwa wamekufa. Waliobaki wakazama, wakatulia. Ijumaa Kaindi alipata mia tatu wake, na akaagiza wengine.

Sasa Waceke anataka kidimbwi cha pili, cha wanawake wote watano, na pampu ya kuvuruga maji siku za mawingu. Mahali ameshapapima kwa hatua: palepale Ndungu alipoota kujenga vyumba vyake.

Juma lililopita, chama kikiwa kimeketi uani, mzee akajaribu mara ya mwisho.

"Mama Kui, mimi nasema tu. Mapatano ni mapatano. Wapangaji hawafi mia moja na sabini asubuhi moja."

Waceke hakuinua macho kutoka kwenye wavu aliokuwa anashona.

"Hata hawa hawakufa, Baba Kui. Waliuawa. Sasa muuaji ndiye anadai kiwanja?"