Mpe Meza

Usiku ule nililala bila kula, nimenuna, maana kesho yake ilikuwa mechi ya mwisho ya mchujo wa snooker, ule mchezo wa meza kubwa kuliko ya pool, na mazoezini nilikuwa nimefungwa na kila mtu, hadi wale wastaafu wa klabu. Pool nimeshaiacha. Ubingwa wa Temeke nzima ulinipa makombe na jezi, ila ada ya watoto hailipwi kwa kombe. Snooker ndiyo yenye hela. Nikikosa nafasi kesho, narudi baa kuchezea bia.

Nikamwona Kocha Mbwana, aliyenifundisha pool, tuliyemzika mwaka juzi. Tuko kwenye baa yake ya zamani, naye anapaka chaki fimbo yake. Sishangai. Nainama kupiga, na meza inarefuka, inapita ukuta, inatoka hadi barabarani. Shimo liko huko mbali, dogo kama tundu la sindano. Napiga kwa nguvu zote. Mpira unagonga kingo, unarudi. Watu wananishangilia vilevile, nami naona aibu.

"Kocha, nifundishe kupiga mbali."

"Mpe meza," anasema.

Nikachukia. Si yeye aliyetulea kwamba mwenye meza haachii meza? Kwetu ukishindwa unatoka, anaingia mwingine. Ukimfichia mwenzio mpira mweupe, ule unaopigwa kwa fimbo, ili akose pa kupiga, baa nzima inakuzomea, na wa kwanza kuzomea alikuwa Kocha mwenyewe.

Sasa meza ipo sebuleni kwangu. Kocha anaugusa mpira mweupe taratibu, unaviringika hadi nyuma ya ule mweusi, unatulia. Anavuta kiti, anakaa, anakunja mikono.

"Ndiyo nini sasa, Kocha? Hujaingiza kitu."

"Mpe meza mbovu, akose pa kupiga, kisha ukae."

"Nikikaa nitashinda vipi?" Nalia kwa hasira, machozi kabisa. Anaitazama meza tu.

Mke wangu Zuhura akanitikisa. Kumekucha.

"Unagombana na nani?"

"Na Kocha. Ananiambia nikae."

"Na kweli hujui kukaa," akasema, akaenda kubandika chai.

Nikabaki kitandani nimefura. Marehemu hakuwahi kugusa meza ya snooker maishani mwake, halafu anakuja kunifundisha! Nilitaka kumbishia, na wa kumbishia hayupo. Nikachukua fimbo yangu nikatoka, nimekasirika hivyohivyo, nikijua kwamba leo nitamfichia mtu mpira mweupe, nimpe meza, nikae ningoje akosee.