Ukuta Ulioachwa Bila Plasta

Kila ninapopita Tunduma penye foleni ya malori, harufu ya oili chafu hunisimamisha. Wengine huziba pua. Mimi humwona baba yangu akiwa ndani ya jeneza.

Niwaeleze. Baba alikuwa seremala huku Mbozi, na kazi yake ya mwisho ilikuwa kufunga mbao za kumwagia zege kwenye kanisa letu jipya, juu ya kilima unachokiona ukiwa barabara kuu kabla ya kuingia Vwawa. Mbao zile zilipakwa oili chafu ili zege lisinate kwenye mbao. Zilipobanduliwa, ukuta ulibaki na chapa ya kila mstari na kila fundo la mti. Mchoraji wa ramani alitaka hivyo: zege tupu, bila plasta, bila rangi.

Watu hawakumwelewa. Abiria waliotoka Tunduma waliuliza kama ni jela. Wanakwaya waliliita Handaki. Bibi yangu alisema nyumba ya Mungu imetoka nje bila kuvaa.

Kabla ya paa kuwekwa, baba alishikwa na homa ya mapafu akafariki. Ilikuwa masika, barabara imekatika, hakuna gari la kuleta mbao. Mafundi wenzake wakachukua zile zilizobanduliwa kwenye ukuta wa mashariki, wakazifuta kwa majani ya migomba, wakamtengenezea jeneza. Nilikuwa bado mdogo. Nakumbuka ile harufu chumbani, na fundo moja la mti kwenye kifuniko, upande wa kichwani, kama jicho lililogoma kufumba.

Kanisa likaisha. Baadaye wazee wakaitisha kikao baada ya ibada: lipigwe plasta, lipakwe rangi ya malai. Watu wakapiga makofi. Mama yangu, ambaye hakuwahi kusema neno kikaoni, akasimama.

"Pakeni kote. Ule wa mashariki niachieni."

"Mama Rehema," akasema Mzee Simkonda, "utaliacha kanisa mgongo wazi kama mgonjwa anayesubiri sindano?"

Kanisa zima likacheka. Mama hakuketi.

"Niachieni, baba. Nawaomba."

Alisema kwa sauti ndogo hata kicheko kikakatika. Wakamwachia. Mimi niliinama kwa aibu. Nilidhani anataka tu kazi ya mumewe isifichwe. Tangu hapo kila Jumapili alitoka wa mwisho, akapitia upande ule.

Mwaka huu tumemzika. Baada ya matanga, mzee wa kanisa wa sasa, kijana mpole, akaniuliza, "Dada, sasa tunaweza kuumalizia ule ukuta?"

Nikamwambia nikautazame kwanza.

Jua la asubuhi lilikuwa likiupiga kwa pembeni, chapa zote za mbao zimejitokeza. Usawa wa kifua cha mama nikaliona lile fundo, lile jicho. Kwingine kote zege linakwaruza mkono. Pale palikuwa laini, kama mpini wa jembe la siku nyingi.

Mbao zenyewe zilishaoza ardhini pamoja na baba. Hapa ndipo kifuniko kilipobaki, na miaka yote ile mama alikuwa akija kukigusa.

Nikaweka kiganja changu. Nyuma yangu kijana akakohoa, akingoja.

"Bado," nikamwambia.