Fundi Aliyemnyima Mwenyekiti Mkono

Leo kikao chetu kimekwama kwa sababu ya salamu.

Niko kwenye kamati inayochagua fundi wa kujenga zahanati, huku kwetu Ilemela. Kabla hatujaanza, mama mwenyekiti alisoma kanuni kwa mdomo wake: mwenye undugu na fundi yeyote aseme, kisha atoke nje.

Hakuna aliyesema.

Akaingia fundi wa kwanza, kijana mmoja nadhifu. Akatusalimia kwa mkono, mmoja mmoja, mpaka mimi.

Alipomfikia mwenyekiti akarudi nyuma kama aliyekanyaga moto. Akaficha mikono mgongoni, macho sakafuni.

"Shikamoo, mama."

Mama naye akageuzia uso ukutani. "Marahaba."

Jamani, zaidi ya nusu yetu mle ndani ni Wasukuma. Mama mkwe hapewi mkono, wala hatazamwi usoni. Hakuna aliyehitaji kuelezwa.

Mwenyekiti akakohoa. "Tuendelee. Kijana, kaa."

Kijana hakukaa. "Naomba nisimame hapa mlangoni, mama."

Ndipo mzee Masanja, mjumbe ambaye huwa haongei kabisa, akasema taratibu: "Mwenyekiti, kijana amekuheshimu. Na wewe tuheshimu sisi. Toka."

Hajatoka. Katangaza mapumziko ya chai, na chai yenyewe hakuna anayeigusa. Nawaandikia nikiwa nje kwenye mawe.

Tukirudi tunapiga kura kama mwenyekiti atoke au abaki, kwa kunyoosha mikono, yeye akiwa ameketi mbele anatuangalia.

Mimi kiti changu ni cha pili kutoka kwake. Ungekuwa wewe, mkono ungeunyoosha?