Nishani ya Jenerali na Yangu

Siku ya kwanza niliporipoti kambini Nakuru, miaka ile ya hamsini, Sajini hakunipa bunduki. Alinipa brashi mbili, kopo la rangi ya viatu na dawa ya kung'arishia shaba. "Wewe sasa ni odali wa Jenerali," akasema. Odali ni askari anayemtumikia ofisa: anapiga pasi, anang'arisha mkanda, anapanga nishani. Mimi nilikuwa nimebeba majeruhi kwa machela vitani, kwenye matope ya Burma, na leo napewa brashi. Nikazipokea. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na watoto walikuwa Kakamega wakinitegemea.

Sajini alinifundisha kazi vizuri. Nishani ya ushujaa hukaa karibu na vifungo vya koti, zile za vita hufuata kuelekea begani. Jenerali alikuwa nazo tisa. Jambo moja Sajini alisahau kuniambia: nishani za vita zenye umbo la nyota ya shaba hazisuguliwi, huachwa na weusi wake. Asubuhi ya gwaride kubwa nikaisugua nyota ya Burma mpaka ikametameta. Jenerali akaishika, akakunja uso.

"Nani alisema wewe sugua hii?"

"Hakuna, afande. Yangu huwa naisugua hivyo."

"Yako?"

"Ndiyo, afande. Hata mimi nilikuwa Burma. Nilikuwa mtu wa machela."

Akanitazama usoni, mara ya kwanza tangu niingie nyumbani mwake. "Kwa nini wewe havai?"

"Sajini alisema odali haruhusiwi, afande."

"Leo vaa. Mimi nasema."

Sitaficha, nilifurahi sana. Nilikimbia kwota, kwenye chumba changu, kuichukua, nikasimama gwarideni nayo kifuani, na Sajini hakuthubutu kuniuliza kitu.

Baada ya gwaride, masetla, wale Wazungu wenye mashamba, na wake zao walikuja kwa Jenerali kunywa chai. Niliingia na trei, nyota ingali kifuani. Bibi mmoja akacheka, "Siku hizi hata boi iko na medali?" Wote wakacheka. Memsabu, mke wa Jenerali, akaniambia kwa upole, "Toa hiyo, itashika kitambaa cha meza." Nikamtazama Jenerali. Mtu huyo alipewa nishani kwa kuvuka mto risasi zikimlenga. Alikuwa anakoroga chai. Nikaivua, nikaitia mfukoni, nikaendelea kugawa keki.

Nilimtumikia miaka mingine minne, na hakuligusia tena jambo lile. Alipostaafu akarudi kwao, aliniachia barua: mwaminifu, msafi, halewi. Kwa barua hiyo nikapata kazi ya bawabu katika hoteli moja mjini, nikaifanya mpaka nami nikastaafu. Kwa hiyo, vijana mnaonisikiliza, siwezi kusema barua ilikuwa mbaya. Ilisomesha watoto wangu. Hata kumkasirikia yule mzee nimechoka. Lakini nimeisoma mpaka imechanika kwenye mikunjo, nikitafuta neno askari, na hakuliandika.