Samaki wa Chini ya Mto

Mume wangu alijua kusimulia. Miaka ile mkoa wetu ulipokuwa mpya, na Babati inajaa maofisa wanaotafuta vyombo vya nyumbani, alianza kwenda China kuchukua mzigo wa duka. Kila akirudi, majirani wa Bagara walikuja kumpa pole ya safari, naye akawapa hadithi ileile: kule Shanghai kuna kigari cha vioo kinachovutwa kwa kamba ya chuma, kinapita chini ya mto katikati ya jiji, na samaki wanaogelea juu ya kichwa chako ukiwatazama. "Siku moja nitakupeleka," aliniambia. Kifo kikamwahi.

Nilipotoka eda, hakukuwa na mwingine wa kufuata mzigo. Nikaenda mwenyewe. Shughuli za mzigo zilipokwisha nikaenda Shanghai kukitafuta kigari chake. Sikukitafuta kwa starehe. Nilitaka mahali pa kumkuta, maana kaburini Babati nilikuwa sijamkuta.

Kigarini alikuwemo mzee mmoja tu, Mchina. Mtu hakai na mzee bila kumwamkia, nikajikuta nimesema, "Shikamoo." Akanitazama, akageukia kioo. Milango ikajifunga, tukaanza kuvutwa polepole.

Nikainua shingo. Taa za bluu, taa nyekundu, ukuta wa saruji. Midoli ya nailoni iliyojazwa upepo ilikuwa ikitikisika kama nguo zilizoanikwa, na kwenye spika mwanamke akisema nisiyoyaelewa. Nikangoja samaki. Hata dagaa! Tukafika ng'ambo, mzee akashuka, mimi nikabaki nimekaa mpaka mhudumu akanionyesha mlango.

Nilikasirika, jamani. Mtu akikudanganya mkiwa pamoja unanuna, unamnyima chai, mwisho mnapatana. Huyu nitamnunia wapi? Nikasimama kwenye ngazi za kutokea nikalia kwa hasira, watu wakinipita na miavuli yao.

Niliporudi Babati, majirani wakajaa sebuleni. Pole na safari, pole na safari. Nikagawa chai. Jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, ambaye hakuwahi kukosa masimulizi ya marehemu, akaweka kikombe chini.

"Na wale samaki wa mwenzio, umewaona?"

Wote wakanigeukia. Nikamfikiria mume wangu katika safari yake ya kwanza, amekaa peke yake kwenye kigari kile, anatazama ukuta mtupu na kuwaza atatuletea nini sisi tuliobaki nyumbani.

"Nimewaona," nikasema. "Wakubwa kuliko wa ziwa letu."

Wakapiga makofi. Wakasema marehemu hakuwa mtu wa uongo, Mungu amrehemu. Nikaitikia amina pamoja nao. Kisha wakaenda zao, nikabaki na vikombe vichafu, na katika mji mzima hapakuwa na mtu wa kumwambia kwamba samaki hawakuwepo.