Fingo la Kiwanja cha Netiboli

Nilipokuwa mtoto nilikuwa na kazi. Sasa ni mtu mzima, nina digrii iliyolazwa ndani ya bahasha ya plastiki chini ya godoro, na kazi sina. Kijijini kwetu, upande wa Mangapwani, watu wana maelezo yao juu ya jambo hili na wanayatoa bure, bila ya kuulizwa: "Raya yule? Kashikwa na fingo." Hawasemi kwamba nafasi zina wenyewe hata kabla ya tangazo kubandikwa. Hawasemi kwamba nimekwenda interview nikamkuta aliyeajiriwa keshaanza kazi, ananiletea maji ya kunywa. Wanasema fingo. Haya, tulizungumze hilo fingo, maana aliyelitoa ardhini kwa mkono wake ni mie.

Kiwanja cha netiboli cha shule yetu kilikuwa na pembe moja isiyochezewa. Hapakuwa na uzio wala kibao. Mpira ukirukia kule, anayeufuata alisimama kwanza, akasema "Hodi," akangoja kidogo, ndipo akauokota. Wasichana wakubwa walifanya hivyo, na sisi tukaiga, wala hakuna aliyeuliza hodi ile anapigiwa nani.

Mie niliuliza, kwa sababu nilikuwa mgeni. Nililetwa kwa bibi yangu nikiwa na miaka kumi, mama na baba walipoachana mjini, na nilikuja na vitu viwili: begi la nguo na Kiingereza cha shule ya kulipia. Begi wenzangu hawakuwa na tabu nalo. Kiingereza hawakunisamehe. Waliniita Miss Darajani, kwa jina la soko la mjini. Nikinyoosha mkono darasani, nyuma mtu anakohoa.

Bibi yangu, Bi Mize, alikuwa anachagua mchele nilipomuuliza, na hakuinua kichwa. "Pale pana fingo," alisema. "Chungu kimezikwa kuwalinda watoto wa kijiji wasife ovyo. Usikikanyage, na usiniulize tena." Bibi akisema usiulize, huulizi.

Nilipofika darasa la sita wakaja wachimbaji. Alikuja Dokta mmoja wa Kizungu, mwanamke mrefu, pamoja na afisa kutoka mjini ambaye kazi yake kubwa ilikuwa kukaa ndani ya gari, vioo juu, akichaji simu. Walikuwa wanatafuta mji wa kale chini ya shule yetu. Mwaka ule fasheni ilikuwa kushirikisha jamii, kwa hiyo badala ya kuwaajiri vijana wa kijiji waliokaa barazani mikono mitupu, walitushirikisha sisi wanafunzi. Baadaye niliisoma nadharia hiyo chuo kikuu, community archaeology, muhula mzima. Nakuhakikishia, kwa ufupi ni fulana na soda.

Lakini nisiwe mnafiki. Nilipenda, wallahi nilipenda. Nilipenda kuchekecha mchanga mpaka kigae kibaki peke yake juu ya wavu. Nilipenda kamba zilivyogawa uwanja miraba miraba, kila kitu kikapewa namba. Na nilipenda zaidi siku ya pili, Dokta aliponisikia nikimfasiria mwenzangu. Yeye Kiswahili chake kilikuwa cha "Hamjambo wanafunzi," kinakwama pale pale mtu anapomjibu. Mwalimu Khatibu, mwalimu wetu wa historia, Kiingereza chake kilikuwa cha kuandika ubaoni tu. "You! What's your name?" Dokta akaniita. Saa ile ile nikabandikwa karatasi kifuani: COMMUNITY INTERPRETER. Kilikuwa cheo changu cha kwanza, na mpaka leo ndicho cha mwisho.

Bibi alipoiona karatasi aliuliza imeandikwa nini.

"Mkalimani wa jamii."

"Jamii gani?"

"Nyinyi."

Alicheka mpaka kanga ikamvuka kichwani. Kisha akaacha kucheka. "Basi mkalimani, nenda kawambie wenzako wachimbe watakapo, pembe ile waiwache. Atakayekitoa chungu kile asikirudishe, hatotulia. Popote atakapokaa atajiona kakalia kiti cha mtu."

Nilimfikishia Mwalimu Khatibu, tena kwa adabu, na yeye akanijibu mbele ya darasa zima: "Mwambie Bi Mize huyo shetani wake alete hati ya kiwanja." Darasa likavunjika kwa kicheko. Na mie nikacheka. Nilicheka kuliko wote, ili ijulikane niko upande gani.

Mraba wa tatu ukawekwa pale pale pembeni. Wanafunzi wote walirudi nyuma kama waliomwagiwa maji ya moto. "Ingia wewe, Miss Darajani," alisema Asha, aliyekuwa kinara wa kukohoa. "Shetani wa pale anajua Kiingereza." Nikaingia. Hodi sikupiga.

Siku ya tatu mwiko wangu wa kuchimbia uligonga kitu kikalia. Kilikuwa chungu kizima, kimefunikwa kwa kipande cha chungu kingine, na ndani mna udongo mweusi na vipande vinne vya chuma vilivyoliwa na kutu. Dokta alipiga magoti. "Oh, Raya. Oh my God." Alisema chuma kile huenda kikaonyesha kwamba watu wa hapa walikuwa wahunzi zamani sana. Alisema chungu kitakwenda mjini kwenye maonyesho, na aliyekivumbua atasimama mbele ya wageni azungumze. Aliyekivumbua! Nikapigwa picha nimekipakata kama mtoto mchanga. Nikawatazama wenzangu. Hakuna aliyekohoa.

Ndipo bibi akaja. Sijui nani alimpelekea habari. Alikuja jua la utosi, kanga imekaa upande, hana viatu, na mie sikuwahi kumwona bibi yangu njiani bila ya viatu. Wanafunzi wakamwamkia, "Shikamoo, Bi Mize," hakuitika.

"Raya!"

"Naam, Bibi."

"Mwambie huyu mama chungu hiki si cha kale. Nimekizika mie, kwa mikono hii, shule haijajengwa. Ulikuwa mwaka wa surua. Tulikuwa kina mama wanne tuliofiwa ndani ya mwezi mmoja. Mie wangu wawili. Kila mmoja akang'oa msumari wa mlango wake akautia humu, ili mauti yakirudi yasiujue mlango. Mwambie akirudishe leo, kabla ya magharibi. Na umwambie simgombezi. Hakujua. Mwambie na hilo, kwamba simgombezi."

Alisema yote kwa mkupuo mmoja, upesi, kwa Kiswahili cha shamba, na Dokta akabaki anautazama mdomo wangu. "What is she saying?"

Nimekuwa na miaka mingi ya kujitafutia udhuru. Nilikuwa mdogo, jua kali, maneno mazito. Uongo mtupu. Surua kwa Kiingereza nilikuwa naijua. Msumari nilikuwa naujua. Nilichokiona mbele yangu ni ugunduzi wangu unageuka kuwa chungu cha bibi yangu chenye misumari ya mlango, na mie narudi kuwa Miss Darajani.

Nikasema: "She says it is very, very old. Her grandmother told her about it. She says thank you for finding it, and take good care of it."

Machozi yalimtoka Dokta, huku anacheka. Akamkumbatia bibi yangu, na bibi akasimama kama boriti, mikono inaning'inia. Halafu Dokta akatoa daftari. Muulize kilikuwa cha kazi gani, alisema. Nikamgeukia bibi nikamuuliza kama anataka maji. Akasema hataki. Nikamgeukia Dokta: "She says the blacksmiths kept it. From before." Nayo ikaandikwa.

Mtu mmoja tu pale angeweza kunikamata, yule afisa, na yeye alikuwa garini na vioo vyake juu.

"Ushamwambia?" bibi akaniuliza.

"Nshamwambia."

"Mbona anacheka?"

"Ndivyo walivyo."

"Kitarudi lini?"

"Wakishakipima."

Hakikurudi. Wala kwenye hayo maonyesho sikuitwa. Nilisikia baadaye kwamba maikrofoni aliishika mtoto wa shule moja ya mjini, mwenye baba wa kujulikana. Nilikuwa na miaka kumi na tatu na hilo lilikuwa somo langu la kwanza la ajira nchini, ila sikulifahamu.

Masika ya mwaka ule akafa mtoto wa darasa la kwanza kwa homa. Ilikuwa malaria. Mie najua ilikuwa malaria, daktari alisema malaria. Lakini nenda kamwambie mama wa mtoto. Wanawake walikuja kwa bibi yangu wakakaa ukumbini, nami nipo jikoni nasikia. "Bi Mize, wewe ulikwenda pale. Uliwaambia nini?" Nikangoja anitaje. Alisema, "Niliwaambia. Hawakunifahamu." Tangu siku ile walipunguza kuja. Bibi, ambaye maiti ya mtoto ilikuwa haioshwi kijijini bila ya yeye kuitwa, akawa haitwi. Mie nikaendelea na masomo, nikafaulu vizuri.

Mwaka wa pili wa chuo, mhadhiri akatugawia ripoti ya uchimbaji mmoja wa Unguja, tuisome na tuichambue. Nikafungua, nikakikuta chungu. Chini ya picha: according to an elderly female informant, kiliwekwa na ukoo wa wahunzi. Uongo wangu wa utotoni, umepigwa chapa, una nukta na tanbihi. Mwenye macho angeona kwenye ule mchoro kwamba shimo la chungu limekatwa kutoka juu, limepita tabaka zote, kwa hiyo ni la juzi. Mie niliona. Sikunyoosha mkono. Nilijibu swali kama ripoti ilivyotaka na nikapata A. Na siku zile kila nilipokaa darasani nilijiona nimekalia kiti cha mtu. Haya, semeni fingo. Mie nasema nilikuwa nimekikalia kweli.

Mwaka huu nilikwenda kwenye stoo moja ya vitu vya kale Mji Mkongwe kuomba kujitolea. Nimefika hapo, kuomba kazi isiyo na mshahara, na hiyo pia ina wenyewe. Niliyemkuta mezani ni yule yule afisa wa gari, sasa ni mkubwa, tumbo limemtangulia. Nyuma yake kwenye rafu nikaliona boksi lina jina la shule yetu. Sijui nini kilinipata. CV iko mkononi, mdomo ukafunguka, nikamweleza yote, nikamwomba chungu kirudi.

"Dada, ripoti inasema mzee wa kijiji kathibitisha."

"Mzee mwenyewe bibi yangu. Aliyefasiri ni mie. Nilidanganya."

Akafungua ripoti, akalamba kidole, akapekua. "Mkalimani hajatajwa humu."

"Si ndiyo nakwambia!"

"Ulikuwa na miaka mingapi?"

"Kumi na tatu."

Akafunga ripoti kwa upole, kama anayemaliza kesi. "Basi. Maneno ya mtoto wa miaka kumi na tatu hayawezi kutegemewa."

"Mbona mliyategemea?"

Aliniambia niache CV yangu kwa sekretari.

Nilitoka pale nikapanda gari ya shamba na hasira zangu zote, nikamkuta bibi amekaa ukumbini. Macho yake siku hizi yanaona mwanga tu, watu anawajua kwa nyayo. Nikampa shikamoo, akaniitikia marahaba, na sikungoja hata chai. Nikamweleza nilichomwambia yule Mzungu siku ile, neno kwa neno, kwa Kiswahili.

"Nilijua siku ile ile," alisema. "Mtu hambiwi habari ya watoto waliokufa akakumbatia kwa furaha."

"Na hukusema?"

"Ningesema kwa mdomo gani? Mdomo wangu siku ile ulikuwa wewe."

Hakulisema kwa ukali. Lingekuwa na ukali ningejua pa kulishika. Ukali ninao wangu, nnao wa kutosha kugawa. Nikamuuliza kama ndiyo aliniapiza, kama maneno ya watu ni ya kweli.

"Khaa! Mie nshazika watoto, Raya. Siapizi mtoto."

Kazi sina kwa sababu zenye kujulikana, na hizo sitozisingizia chungu. Lakini nimesoma miaka mitatu namna ya kuwahoji wazee, nimefundishwa maswali ya kuanzia na ya kumalizia, na swali moja la bure, watoto wale walikuwa wakiitwa nani, sikuwa nimeliuliza. Niliona haya kulitamka, nikalitamka. Bibi akajiweka sawa kwenye mkeka. Nikatoa kalamu, nikageuza ile CV upande wa nyuma. Alianza na watoto wa wenzake, jina na jina la baba, na mtoto alivyokuwa: huyu mweupe, huyu mwenye kilio, huyu alikuwa keshaanza kutembea. Niliandika kama anavyosema, bila ya kunyoosha neno. Wake aliwaweka mwisho. Alipowafikia akasema tungoje kidogo, na mkalimani akangoja.